Kijito chenye rangi ya chungwa: maji ya migodi ya zamani, afya ya mtoto wako, na jinsi mto unavyotibiwa

Kama wewe na familia yako mmehamia Pennsylvania, huenda tayari umeona kijito cha ajabu karibu na nyumba, shule au uwanja wa mpira. Mawe yake yamefunikwa na tope la rangi ya chungwa, kama bati lililoota kutu. Hakuna samaki, hakuna chura, wala hakuna mtu anayevua pembeni. Watoto wanapenda kwenda kukitazama. Ninapotembelea familia zetu zinazozungumza Kiswahili huku Marekani, nyingi zikiwa zimetoka Kongo, swali hili hunifikia mara kwa mara: "Nesi, yale maji yana nini?"

Jibu fupi: ni maji yanayotoka kwenye migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa zamani. Hayakutoka chooni, na hakuna kiwanda kilichoyatia rangi jana. Mtoto akiyagusa mara moja, usiwe na hofu kubwa. Lakini hayafai kunywa, kuogelea wala kumwagilia mboga, na yapo mambo machache ambayo mama au mlezi anatakiwa kuyajua, hasa kama maji ya nyumbani kwenu yanatoka kisimani. Jambo jingine, ambalo wengi hawaambiwi, ni kwamba kijito kama hicho kinatibika. Huenda umeshapita karibu na mahali kinapotibiwa bila kujua ulichokuwa unakiona.

Rangi hiyo inatoka wapi?

Ndani ya makaa ya mawe, na katika miamba inayoyazunguka, kuna madini yanayoitwa pairaiti. Ni chuma kilichoungana na salfa. Yakiwa yamefunikwa chini ya ardhi bila hewa, hayamsumbui mtu. Wachimbaji walipotoboa milima na kuacha mashimo matupu, hewa na maji vikaingia. Pairaiti ikikutana na hewa na maji huanza kuoza, kwa namna ya kusema. Salfa hugeuka asidi, na chuma huyeyuka ndani ya maji. Kuna bakteria wanaoishi kwa kula chuma hicho, nao huharakisha kazi hiyo sana. Asidi nayo inapopita kwenye miamba mingine huyeyusha alumini na manganizi na kuvibeba pia.

Maji yanapotokea nje, chuma hukutana na hewa nyingi na kugeuka kutu. Kutu hiyo hutuama juu ya mawe. Ndiyo rangi unayoiona.

Bonde la Scranton ni mfano mzuri wa jinsi jambo hili lilivyotokea. Tarehe 22 Januari 1959, mto Susquehanna ulipasua dari ya mgodi wa Knox huko Port Griffith, na wafanyakazi 12 wakafa. Baada ya hapo uchimbaji wa chini ya ardhi katika eneo hilo ulikwisha karibu wote. Pampu zilizokuwa zikitoa maji mchana na usiku zikazimwa, na kwa kuwa migodi mingi ilikuwa imeunganika, yote ikajaa maji kama tangi moja kubwa. Maji yakapanda mpaka yakaanza kuingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Mwaka 1962 likatobolewa shimo mahali panapoitwa Old Forge ili maji yapate pa kutokea. Nyumba zilipona, lakini mto haukupona. Mpaka leo shimo hilo linamwaga makumi ya mamilioni ya galoni kila siku ndani ya mto Lackawanna. Juu ya shimo, mto huo una samaki aina ya trauti na wavuvi wanaokuja kwa ajili yao. Chini ya shimo una rangi ya chungwa mpaka unapoingia Susquehanna.

Katika Pennsylvania peke yake, zaidi ya maili 5,000 za mito na vijito zimeharibiwa hivi. Kampuni nyingi zilizochimba hazipo tena, kwa hiyo hakuna wa kumpelekea bili.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Wazazi wengi wanaogopa kijito cha chungwa na kuwaruhusu watoto kwenye kile kinachong'aa. Hapa kuna mtego. Maji ya mgodi yenye asidi kali huweza kuwa maangavu kabisa, kwa sababu chuma na alumini bado vimeyeyuka ndani yake, havijatuama. Ukiyatazama unaona mpaka chini, na jinsi yalivyo safi utadhani ni ya chemchemi. Ukitazama vizuri zaidi utaona hakuna mdudu, hakuna kamba, hakuna majani yanayoota ndani yake. Yalipo na alumini nyingi utaona ukungu mweupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Wataalamu hupima uchachu wa maji kwa kipimo kinachoitwa pH. Maji safi yako karibu na 7. Siki iko karibu na 3. Baadhi ya maji ya migodi yamefika hapo kwenye 3, ingawa mengine yenye rangi ya chungwa kabisa, kama yale ya Old Forge, hayana uchachu mkubwa. Shida yake ni chuma. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ndiyo maana nasema kijito kisicho na kiumbe hai ndani yake kisichezewe, hata kiwe na rangi gani.

Mtoto akiingia humo, mvue nguo na viatu, muoshe kwa maji ya bomba na sabuni. Macho yakiwasha, yasuuze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akimeza kidogo, mpe maji safi ya kunywa na umwangalie. Akitapika, akilalamika tumbo, au akiwa amekunywa mengi, piga simu kituo cha ushauri wa sumu, 1-800-222-1222. Simu ni bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani. Kama hapumui vizuri au hazinduki, ni 911 moja kwa moja. Ile nguo, kwa taarifa yako, huenda isitakate. Klorini huzidisha doa la kutu.

Kuchemsha hakutoi chuma

Tulikotoka, tumefundishwa kuchemsha maji au kuyatia dawa, na mafunzo hayo yameokoa watoto wengi wasife kwa kipindupindu na kuhara. Bado ni mafunzo mazuri. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Chuma, manganizi na risasi havifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, madini yanabaki yote, na yale yaliyobaki yanakuwa mazito zaidi. Chujio la kitambaa nalo halisaidii.

Kama mnatumia maji ya bomba ya mji, kampuni ya maji inalazimika kuyapima, na kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai inapaswa kuwapa wateja taarifa ya ubora wa maji. Ukipanga nyumba, taarifa hiyo huenda inamfikia mwenye nyumba, muombe akupe.

Kisima ni habari nyingine. Watu zaidi ya milioni 3 wa Pennsylvania hunywa maji ya visima vya nyumbani, na serikali haiwapimii. Kazi hiyo ni ya mwenye kisima. Kama nyumba iko katika eneo la migodi, maji yapimwe pH, chuma, manganizi, salfeti, risasi na shaba, pamoja na bakteria wa kila mwaka. Maabara ya Chuo Kikuu cha Penn State hupokea maji ya wananchi kwa malipo, na zipo maabara nyingine zilizoidhinishwa na serikali ya jimbo. Ukiwa mpangaji, usiogope kumuuliza mwenye nyumba mara ya mwisho maji yalipimwa lini.

Kati ya hayo yote, mawili yananihangaisha zaidi kwa watoto wachanga. La kwanza ni manganizi. Mwili unahitaji kidogo sana, lakini ikizidi hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto mdogo. Anayenyonyeshwa hayanywi moja kwa moja; anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima anayapata kila chupa. Mpaka majibu ya maabara yatoke, koroga maziwa yake kwa maji ya chupa.

La pili ni risasi, na hii si lazima itoke mgodini. Maji yenye uchachu hula mabomba. Nyumba nyingi za miji hii ya makaa ni za zamani, na mabomba na viungio vyenye risasi vilipigwa marufuku mwaka 1986 tu. Maji yanaweza kuingia nyumbani bila risasi na kutoka kwenye bomba la jikoni yakiwa nayo. Watoto wa wakimbizi hupimwa damu kuangalia risasi wanapofika Marekani, na walio na miaka 6 au chini wanatakiwa kupimwa tena kati ya miezi 3 na 6 baadaye. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachosahaulika. Ukiwa kliniki, kiulizie kwa jina.

Kuhusu udongo, na chuma cha kuongeza damu

Hili nalisema waziwazi kwa sababu najua wengi wetu tukiwa wajawazito tunatamani udongo. Mtu akisikia kwamba lile tope la chungwa ni chuma, na nesi wa kliniki amemwambia damu yake imepungua na anahitaji chuma, anaweza kufikiri amepata dawa ya bure. Sivyo. Kutu ile mwili hauifyonzi vizuri, na humo ndani imefuatana na madini mengine ambayo hayamfai mtoto aliye tumboni. Damu ikipungua, kunywa vidonge ulivyopewa, kula maharage, nyama, maini kwa kiasi, mboga za majani na chungwa lenyewe la kula. Hamu ya udongo ikiwa kali, mwambie mkunga wako bila aibu. Mara nyingi ni dalili kwamba damu iko chini kweli.

Mboga za porini zinazoota kando ya kijito hicho ziache. Bustani ya nyumbani imwagiliwe kwa maji ya bomba au ya mvua. Samaki, kwenye kijito cha chungwa hutawakuta. Kwenye mito mingine ya Pennsylvania ushauri wa jumla wa jimbo ni mlo mmoja kwa wiki, wa nusu ratili, wa samaki uliyemvua mwenyewe. Sababu yake ni zebaki na kemikali nyingine za viwandani, kwa hiyo ushauri huo unahusu hata mto usio na mgodi. Na mwenye miaka 16 au zaidi lazima awe na leseni ya kuvua.

Kuliko maji yenyewe, wakati mwingine ninachokiogopa zaidi ni mahali yalipo. Ardhi ya migodi iliyoachwa ina mashimo yaliyofunikwa na majani, kuta za mwamba zinazoporomoka, milima ya mabaki meusi ya makaa inayoteleza, na mashimo makubwa yaliyojaa maji ya baridi kali ambayo vijana huyageuza bwawa la kuogelea wakati wa joto. Kingo zake ni wima. Anayechoka hana pa kushika. Mwanao wa miaka 14 anahitaji onyo hili kuliko mdogo wake wa miaka 4.

Kijito hutibiwaje?

Sasa twende kwenye sehemu ninayoipenda. Dawa kubwa ya maji haya ni mawe ya chokaa, muda, na nafasi. Wahandisi wana mitambo inayomwaga chokaa kwenye maji na kuyakoroga, na kwa mito mikubwa mitambo hiyo ndiyo njia. Lakini sehemu nyingi hutumia njia isiyo na umeme wala injini, ambayo mama yeyote aliyewahi kutuamisha maji ya mto kwenye mtungi ataielewa.

Maji yanayotoka mgodini huongozwa kwanza kupita kwenye mtaro au bwawa lililojaa mawe ya chokaa. Chokaa hupunguza asidi, kama kidonge cha kiungulia kinavyofanya tumboni. Kisha maji huingia kwenye bwawa pana, yakaenda polepole. Yakikutana na hewa, chuma hugeuka kutu na kuzama chini. Kutoka hapo hupita kwenye kinamasi kilichopandwa matete, ambako maji ni ya kina kifupi, yanazunguka kati ya mashina, na mabaki ya chuma yanakamatwa. Mwisho wa safari maji hutoka yakiwa na pH nzuri na chuma kidogo sana, nayo ndiyo yanayoachiwa kijito.

Kwenye baadhi ya sehemu kuna kikwazo. Kama maji yana chuma na hewa kabla hayajagusa mawe ya chokaa, kutu huvaa mawe kama koti na chokaa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo juu ya mawe huwekwa tabaka la mboji, mara nyingi ile iliyobaki kwenye mashamba ya uyoga, ambayo Pennsylvania ina mengi. Bakteria wa kwenye mboji hula hewa iliyo ndani ya maji kabla hayajafika kwenye mawe. Bakteria hao ndio wanaotoa harufu ya yai viza unayoweza kuisikia karibu na mabwawa hayo. Mama akisikia harufu hiyo anadhani kuna mfereji wa choo uliopasuka. Kumbe ni dawa inafanya kazi.

Ndiyo maana nilisema huenda umepita mahali hapo bila kujua. Ukiona mabwawa kadhaa yaliyopangwa mfululizo, la kwanza la chungwa iliyokolea, la pili hafifu, la tatu karibu na kijani, na matete mengi, umeona hospitali ya kijito. Rangi ikiwa ndani ya bwawa ni habari njema, maana chuma kimebaki hapo badala ya kwenda mtoni. Lakini watoto wasiingie: tope la chini ni laini na la kina, mguu hunasa.

Vintondale, mji mdogo wa wachimbaji magharibi mwa Pennsylvania, waliamua wasifiche mabwawa yao. Kuanzia mwaka 1994 mwanahistoria T. Allan Comp alifanya kazi na wataalamu wa maji, wasanii na wakazi wa pale, wakageuza ekari 35 za ardhi ya mgodi kuwa bustani ya umma. Mabwawa ya kutibu maji yako katikati, na kando yake imepandwa miti iliyochaguliwa ili majani yake yanapobadilika rangi kabla ya baridi yafuate rangi ya maji: mekundu na chungwa pale maji yanapoingia machafu, yakienda kwenye kijani pale yanapotoka safi. Mtoto anaweza kutembea kando yake na kuelewa matibabu yote bila kusomewa kitabu.

Kwa nini basi si kila kijito kimetibiwa? Nafasi ni sababu moja. Kinamasi cha aina hii huondoa takriban gramu 10 hadi 20 za chuma kwa kila mita mraba kwa siku. Fanya hesabu ya shimo linalotoa makumi ya mamilioni ya galoni kila siku katikati ya miji, kama Old Forge, na utaona ardhi inayohitajika haipo. Pale lazima mtambo wa umeme, na mtambo unahitaji fedha na wafanyakazi miaka yote.

Miaka yote ndilo neno gumu katika jambo hili. Mgodi uliojaa maji unaweza kuendelea kutoa maji mabaya kwa miaka mamia. Mawe ya chokaa huisha. Mabwawa hujaa tope na lazima yachotwe. Mboji huoza ikahitaji kubadilishwa. Mimi huwaeleza kina mama kwamba kijito hiki ni kama mgonjwa wa shinikizo la damu. Akimeza dawa kila siku anaishi vizuri, anafanya kazi, analea wajukuu. Akiacha kwa sababu anajisikia vizuri, ugonjwa unarudi. Kuna vijito ambavyo samaki walirudi, halafu bwawa likajaa tope, hakukuwa na fedha ya kulichota, na chungwa likarudi.

Tope lile linalochotwa, kwa bahati nzuri, lina matumizi. Kutu ni rangi ya kupakia, binadamu ameitumia tangu zamani. Huko Ohio, kwenye kijito cha Sunday Creek, mhandisi Guy Riefler na mchoraji John Sabraw wa Chuo Kikuu cha Ohio wamekuwa wakikausha chuma cha maji ya mgodi na kukigeuza rangi za wachoraji, ili mauzo yasaidie kulipia usafishaji. Haitalipa gharama za kila mahali, lakini ni bora kuliko kulifukia.

Na ardhi je?

Mto hauponi kama mlima ulio juu yake bado uko wazi. Mvua ikipita kwenye mabaki ya makaa hubeba asidi ile ile. Kwa hiyo mashimo hufukiwa, milima ya mabaki husawazishwa au kuondolewa, ardhi hutiwa chokaa na kufunikwa udongo.

Kwa miaka mingi baada ya sheria ya mwaka 1977, kazi hii ilifanywa kwa kushindilia ardhi kwa matrekta mpaka ikawa ngumu kama barabara, kisha kupanda majani. Ilipendeza kwa picha. Lakini mizizi ya miti haikuweza kupenya na maji ya mvua yalitelezea juu, na nyanda nyingi za namna hiyo zikabaki bila msitu. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa misitu na maofisa wa migodi katika majimbo ya milima ya Appalachia wamesukuma njia nyingine: udongo uachwe umelegea, angalau futi 4 kwenda chini, na ipandwe miti ya asili. Kwa maoni yangu hilo lingejulikana mapema kama wangemuuliza mkulima yeyote wa Kivu. Huko Shanksville, kwenye uwanja wa kumbukumbu ya ndege ya Flight 93, ambao zamani ulikuwa mgodi wa makaa, watu wa kujitolea wamepanda miche mingi tangu mwaka 2012 kwa kufuata njia hiyo.

Fedha hutoka wapi? Sheria ya 1977 iliweka ada kwa kila tani ya makaa inayochimbwa, na fedha hizo husafisha migodi iliyoachwa kabla ya sheria. Mwaka 2021 serikali kuu iliongeza dola bilioni 11.3 za kutumika kwa miaka 15. Mwishoni mwa 2022 sheria nyingine iliruhusu majimbo kuweka akiba hadi asilimia 30 ya fedha hizo kila mwaka kwa ajili ya kutibu maji kwa muda mrefu, yaani ile dawa ya kila siku niliyoitaja.

Mafanikio yapo. Babb Creek, kaskazini mwa jimbo katika kaunti ya Tioga, uliuawa na migodi. Wakazi walianzisha chama, wakajenga mabwawa na mitambo ya chokaa kijito kimoja baada ya kingine kwa miaka mingi, mpaka mto ukaondolewa kwenye orodha ya mito iliyoharibika. Trauti wamerudi.

Wewe unaweza kufanya nini?

Vyama vya namna hiyo viko katika mabonde mengi ya Pennsylvania, na vingi vina uhaba wa watu. Kazi zake hazihitaji Kiingereza kingi: kupanda miche wakati wa masika, kuokota takataka, kuchota maji kwenye chupa na kupima pH kwa kifaa kidogo. Watoto wa shule wakiwa na mtu mzima hupokelewa. Vaa buti, nawa mikono kabla ya kula, na acha mtoto mchanga nyumbani siku hiyo.

Na kuna jambo ambalo wewe unayepita na kigari cha mtoto kila siku unalifanya vizuri kuliko ofisa anayekuja mara moja kwa mwaka: kuona mabadiliko. Kijito kilichokuwa safi kikigeuka chungwa ghafla, maji yakianza kububujika mahali papya, maji ya kisima yakibadilika rangi au ladha, ardhi ikibonyea uani, au bwawa la matibabu likifurika kupita ukingo wake, piga simu Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya Pennsylvania, ofisi ya eneo lako. Sema tangu mwanzo kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Waeleze ni wapi, ukitaja barabara au daraja la karibu, ulikiona siku gani, na rangi ilikuwaje. Piga picha kwa simu ukiwa umesimama barabarani, bila kushuka kwenye maji. Andika jina la aliyekupokea na tarehe. Wiki mbili zikipita bila jibu, piga tena.